Triko ya Mtu Asiyepumua

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimekula peke yangu tena. Bugali na maharage. Nilipika kingi, kama kawaida yangu. Kwetu Walikale tulikuwa wengi, hakuna sufuria iliyotosha, na mkono wangu haujajifunza kupika kidogo. Hapa Masisi chakula kinabaki. Nakila asubuhi kikiwa baridi, nami nikiwa baridi vilevile.

Mwezi wa sita huku milimani si mchezo. Nimewasha makaa kwenye babula na kuweka viti viwili kando yake. Kimoja nakalia, kingine nawekea miguu. Mtu akipita mlangoni ataona viti viwili, atafikiri nina mgeni. Hakuna aliyepita.

Nimeamua! Nitamwoa Euphrasie, binti wa mzee Byamungu wa Kingi. Ni yule anayefuma triko, yaani sweta za sufu, kwenye baraza la paruasi, pale kanisani, pamoja na rafiki yake Béata. Mwenyewe hajui bado. Hilo ni jambo dogo.

Jambo kubwa ni kwamba sina watu. Mwanamume haendi peke yake kuomba mke. Anakwenda na watu wake nyuma na msemaji mbele, na yeye mwenyewe anakaa kimya katikati yao kama hahusiki. Mwaka jana kuna mmoja alikwenda peke yake, baba wa binti akamwuliza ametoroka gereza gani. Nimempigia kaka yangu simu. Anasema watakuja wote, hata wajomba, barabara ya Walikale ikiwa nzuri. Barabara hiyo ikiwa nzuri mimi nitakuwa nimeshazikwa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Wazo! Na wazo kubwa! Limenijia sokoni nikiwa nimeinama ndani ya balo la makoti ya mitumba.

Nimeuza makoti miaka mingi. Kila koti lina kitambaa kidogo shingoni, na kitambaa kina maneno. Nimeyasoma yote. Cosy. Snug. Soft. Warm. Slim fit. Fleece. Wateja wakiuliza maana, nawaeleza, na nisipojua nalivaa koti mpaka nijue. Kwa hiyo hapa sokoni hakuna anayejua Kingereza kunizidi. Kingereza changu chote kimetoka shingoni mwa makoti, lakini ni Kingereza.

Nitaanzisha klabu ya Kingereza. Watu watakuja, maana huku kila mtu anataka Kingereza, hata asiye na mtu wa kuongea naye. Watakuwa wanafunzi wangu. Wataniita Ticha. Siku ikifika nitasimama na kusema: jamani, twendeni Kingi. Watakwenda nyuma yangu kama ukoo! Mzee Byamungu atafikiri nimeleta nusu ya wilaya.

Nimeandika tangazo kwenye kartoni. Katekista ametupa chumba cha mafundisho, kila Jumapili baada ya Misa, kwa sharti tufagie.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Wamekuja! Nilikuwa nimefagia tangu asubuhi. Christian wa pikipiki, mama kadhaa wa kwaya, Béata, na Euphrasie mwenyewe na mpira wake wa sufu. Alikaa nyuma, akifuma bila kuangalia mikono. Nilisahau salamu niliyokuwa nimeitayarisha.

Halafu akaingia Patient. Patient ndiye muuza fromaji, yaani jibini ya ng'ombe wake. Mtu mkubwa, kofia kubwa, kicheko kikubwa. Popote anapokaa benchi zima linajua. Sikumwita. Nilitaka kusema nafasi zimekwisha, lakini chumba kilikuwa na nafasi mpaka aibu.

Nilianza na "cosy". Niliwaambia: mvua inanyesha nje, wewe uko ndani, babula inawaka, miguu imekauka, na kuna mtu mwingine humo ndani ambaye hana haraka ya kuondoka. Hiyo ndiyo cosy. Mama mmoja akasema kumbe Kingereza ni kitamu. Nilijisikia mkubwa kidogo.

Nikaenda kwenye "snug". Kitu kinachokushika vizuri mwilini, bila nafasi ya baridi kupita. Patient akanyoosha mkono na kuuliza kama fromaji ndani ya kitambaa chake iko snug. Wote wakacheka. Nikalazimika kukubali kwamba ndiyo, iko snug. Somo langu likawa la fromaji.

Christian akasema: "Ticha, sasa tunasema aje 'niko na njaa'?" Kwenye makoti hakuna njaa. Nikamjibu kwamba hiyo ni ya mwaka wa pili.

Kisha Béata, ambaye hakuna aliyemwuliza chochote, akataka kujua Waingereza wanamwitaje mtu anayekula peke yake. Nikamwambia neno hilo hawana. Akaniangalia sana. Nilimwambia tena, kwa sauti, kwamba hawana. Béata ni mtu wa maswali.

Alibaki kunisaidia kupanga mabenchi. Nilitaka abaki Euphrasie.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Siku kubwa. Nimepimwa!

Mbinu yangu: nimeagiza triko kwa Euphrasie. Mteja ana haki ya kusimama karibu. Nilivaa shati safi, nikafika barazani nikijifanya nina haraka. Nikasema nataka triko ya kijani, na iwe snug. Akauliza, kwa vipimo vyake, snug ni kiasi gani. Nikasema ni kiasi cha mtu aliyefurahi kwamba umerudi nyumbani. Maneno yalitoka yenyewe! Masikio yakawaka moto. Yeye akasema haya, akachukua uzi.

Hapimi kwa mita. Anakuzungushia uzi wa sufu, halafu pale unapokutana anafunga fundo. Fundo la kifua, fundo la tumbo, fundo la mkono. Alinizungushia mikono yote miwili, kichwa chake chini ya kidevu changu. Kilinuka sabuni na moshi wa kuni. Niliacha kupumua. Tumbo niliingiza ndani mpaka likagusa mgongo. Kwanza, sikutaka ajue kuhusu yale maharage ya asubuhi. Pili, ni muda mrefu mtu hajanisogelea kiasi hicho, na niliogopa kwamba nikitikisika ataondoka.

Akasema: "Papa Émile, uko unapumua ao hapana?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Béata, pale pembeni na sindano zake, akadakia: "Muambie apumue, Euphrasie, ao utafumia maiti." Huyo mwanamke hana adabu.

Nilipotoka nikapishana na Patient. Naye ameagiza triko! Mwigaji! Nikasimama nyuma ya ukuta kuangalia. Anapimwa huku anasimulia ng'ombe wake aliyeingia kanisani wakati wa sadaka. Anacheka, kifua kinapanda kinashuka, uzi unateleza, Euphrasie naye anacheka, fundo linafungwa popote. Kazi ovyo kabisa. Triko yake itatoka kubwa kama hema. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Siku mbaya.

Patient amekuja klabuni na fromaji nzima chini ya mkono. Akaikata, akaigawa. Watu walitafuna wakati wa somo zima. Nilikuwa nafundisha tofauti ya "snug" na "tight". Nilisema snug ni kukumbatiwa, tight ni kukamatwa na polisi. Ni maelezo mazuri, nayajivunia. Nani aliyasikia? Béata tu. Alirudia polepole, kukumbatiwa, kukamatwa, kama mtu anayelipima neno mdomoni.

Ili kurudisha heshima nikatangaza kwamba klabu inahitaji rais. Nilikuwa nimeshatayarisha hotuba ya kukubali. Wakamchagua Patient! Mimi, eti, ni Ticha, na Ticha yuko juu ya siasa. Rais wa klabu niliyoianzisha mimi, kwa kartoni yangu, ni fromaji.

Niliwaza kuivunja klabu palepale. Lakini nikiivunja nitakwenda Kingi na nani? Nikapiga makofi pamoja nao.

Nimerudi. Chumba kimya. Nimejaribu kumwambia mtu wa kiti cha pili habari za leo. Hakuna mtu kwenye kiti cha pili. Ninaandika hivi nisije nikafanya mazoea.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Triko iko tayari! Nimeivaa! Bado nimeivaa.

Kuingia kulikuwa kazi. Kichwa kilipita, mikono ikabaki hewani, na kwa muda sikuona kitu ila kijani. Béata akashika pindo la chini na kuvuta kwa nguvu zake zote. Nikatokea. Euphrasie alinizunguka akishika mafundo yake, akihesabu, hakuelewa. Alisema uzi ndivyo ulivyosema. Alisikitika kabisa. Akataka kuifumua aanze upya. Nikakataa! Nikasema ni snug. Nilisema kwa kifupi kwa sababu ya hewa.

Maana nimeelewa. Mwanamke anayejua kazi yake hakosei hivyo. Aliyekufumia triko inayokushika namna hii anakuambia kitu. Nimekwenda mpaka sokoni na kurudi nikiwa nimenyooka, watu wakaniuliza kama nimeumia mgongo. Wivu.

Nilipofika nyumbani nikajaribu kuivua. Haivuliki. Nikainua pindo mpaka usoni, mikono ikakwama juu, nikazunguka chumba kizima gizani humo ndani, nikagonga kiti, kidogo niangukie babula. Nilifika mpaka mlangoni kumwita mtu. Halafu nikafikiri: nimwite nani? Nikaishusha tena.

Ukweli ni kwamba hii ni nguo ya nyumba ya watu wawili. Mmoja anavaa, mwingine anavuta. Kama hiyo si ishara, ishara ni nini? Nitalala nayo. Ina joto zuri.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Patient amekuja kwangu. Kwangu! Mgeni wa kwanza tangu mwaka huu uanze. Akakaa kwenye kiti cha pili, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza nikamwona hacheki.

Akasema Jumamosi anakwenda kuomba mke. Baba yake mdogo, ambaye ndiye msemaji wa familia, amevimba jino, shavu limeziba mdomo. "Ticha, weye njo muntu unajua kusema. Miye nikifungua kinywa, batu banacheka tu." Anaomba niwe msemaji wake. Klabu yote itasindikiza, wameshakubali.

Nikamwuliza ni kwa nani. Akasema Kingi, kwa mzee Byamungu. Euphrasie.

Niliona giza. Labda ni triko. Patient alinipepea kwa kofia yake.

Watu wangu! Mimi ndiye niliyewakusanya, nikawafagilia chumba, nikawapa cosy na snug bila kuwaomba kitu, na sasa wanakwenda kusimama nyuma ya fromaji! Nilifungua mdomo nimfukuze. Nikajisikia nasema ndiyo, kaka, kwa furaha. Maana wazo lilikuwa limeshafika, na ni wazo kubwa kuliko yote.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Nimepanga kila kitu.

Desturi inanisaidia. Msemaji hamtaji mwenye kuoa. Anasema tu: tumeona, tumependa, tumekuja. Kisha binti anaitwa na kibuyu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na baba yake anamwambia: mpe yule aliyewaleta watu hawa. Binti anapita mbele ya wageni wote na kumpa mmoja. Kibuyu kikishapokelewa, maneno yamekwisha, hakuna wa kubadilisha.

Basi! Nani atakuwa amekaa mbele? Mimi. Nani atakuwa amesema maneno matamu? Mimi. Nani atakuwa amevaa triko aliyoifuma Euphrasie kwa mkono wake, imemshika mpaka mshono unaonekana? Patient naye atavaa yake, lakini hema ni hema. Euphrasie atasimama na kibuyu, ataangalia huku, ataangalia kule, na moyo wake utajua. Mimi nitapokea kwa mikono miwili, na Patient atabaki na kofia yake.

Je, ni vibaya? Nimefikiri. Si vibaya. Simlazimishi mtu, ninakaa tu mahali pa kuonekana.

Sijavua triko tangu juzi. Inawasha kidogo.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Nitaandika yote, kama yalivyotokea.

Kilima cha Kingi ni kirefu, na triko yangu haina nafasi ya kilima. Klabu ilitangulia ikiimba. Mimi, msemaji, nilifika mwisho, machozi yananitoka kwa kukosa hewa. Mama wa kwaya wakadhani nimeguswa na shughuli. Wakanipangusa uso na kunikalisha mbele. Vizuri.

Mzee Byamungu alikuwa kwenye kiti chake, fimbo magotini, uso mgumu. "Mumekuya kutafuta nini hapa kwangu?"

Nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu yenye mbwembwe. Haikuwezekana, triko iliniruhusu maneno machache kila mara, kisha nilitafuta hewa. Nikasema: baba, ni mwezi wa sita. Nikanyamaza. Kuna baridi. Nikanyamaza. Kuna mtu ana babula moja na viti viwili. Anakalia kimoja. Kila mara niliponyamaza wazee walitikisa vichwa, wakidhani ni hekima.

Halafu sijui nini kilinipata. Nikasahau Patient. Nikasahau hata mpango. Nikasema mtu huyo anapika sufuria kubwa kwa sababu hajui kupika ya mmoja. Nikasema Waingereza wana neno, cosy, ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake hata akiwa na makaa ya mwezi mzima. Wana neno jingine, snug, na snug ni kushikwa na kitu kilichofumwa kwa ajili yako. Nikasema mtu huyo anaujua upepo wote unaopita chini ya mlango wake, na amechoka kuujua. Tumeona nyumbani kwenu kuna mtu anayejua kuziba baridi. Tumekuja kumwomba.

Mama wa kwaya wakalia. Christian akalia. Mzee Byamungu akapangusa macho kwa kiganja. "Tangu nizaliwe sijasikiaka muntu anaomba mutoto hivi," akasema. Akaita binti.

Euphrasie akatoka na kibuyu. Alikuwa amevaa triko nyeupe, sikuwahi kuiona. Akapita mama wa kwaya. Akapita Christian. Akaja moja kwa moja mbele yangu. Akasimama. Nikaandaa mikono miwili. Akainama, uso wake ukawa karibu kama ile siku ya uzi, na macho yake yalikuwa na machozi. Akanyoosha mkono begani kwangu. Kulikuwa na uzi uliochomoka. Akausukuma ndani kwa kidole, akaupapasa ukalala.

"Asante, Papa Émile," akasema polepole. "Umetusemea muzuri sana."

Umetusemea. Wao wawili.

Akampelekea Patient kibuyu. Patient akanywa, ikamwagika kifuani, kwenye ile triko yake pana, na wote wawili wakacheka. Vigelegele vikapigwa, nami nikapiga makofi. Mikono ilikuwa imeshajiandaa kwa kitu.

Msemaji hupewa firigisi. Niliwekewa yangu kwenye sahani peke yake, kwa heshima. Triko haikuwa na nafasi ya firigisi. Nikaifunga kwenye jani nikarudi nayo Masisi. Christian alitaka kunipeleka kwa pikipiki. Nikasema napenda kutembea. Sipendi.

Nilipofika nikajaribu kuivua triko. Nilijaribu sana. Nguo ya nyumba ya watu wawili, ndivyo nilivyoandika mwenyewe juu huko, kama mjinga. Nimekaa nayo kwenye kiti, mikono imechoka. Nimelia kidogo. Triko haikuruhusu zaidi.

Jumapili, tarehe 23 Juni

Sikwenda Misa. Sikwenda klabuni. Wasome fromaji yao.

Nimekula firigisi. Baridi. Peke yangu.

Nimepika maharage pia. Mengi.

Nimegeuza kiti cha pili kikatazama ukuta. Baadaye nikakirudisha, maana miguu ilipata baridi.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Hodi mlangoni. Béata. Anasema jana chumba cha mafundisho hakikufagiliwa, katekista amekasirika, watu walikaa wakingoja Ticha, kila mmoja akarudia cosy mara moja wakaenda zao. Patient alituma kipande cha fromaji kwa ajili yangu. Nikasema siumwi na sihitaji fromaji. Akanitazama nilivyosimama, nimenyooka kama mlingoti.

"Iko tangu lini hii triko mwilini?"

Nikasema tangu leo asubuhi. Akanusa. Hakusema kitu. Kwa hilo namshukuru.

"Inua mikono, Papa Émile. Juu kabisa."

Akaweka mguu mmoja kwenye kiti changu, akashika pindo, akavuta. Nilipita kwenye giza la kijani, sikio moja likabaki nyuma kidogo, kifungo cha shati kikaruka mpaka kwenye makaa. Halafu nikawa nje. Nikavuta pumzi. Mungu wangu! Nilikuwa nimesahau iko kubwa kiasi gani! Nikakaa, miguu juu ya kiti cha pili kama kawaida, nikakohoa, nikavuta nyingine. Béata akacheka mpaka akakaa chini. Alikaa kwenye kiti cha pili. Hakuomba ruhusa, aliisukuma tu miguu yangu.

Akauliza kuna nini kwenye sufuria. Nikasema maharage, lakini ni mengi sana. Akala. Nami nikala. Tulizungumza juu ya Euphrasie, juu ya jino la baba mdogo, juu ya yule ng'ombe wa sadaka. Kumbe ni kweli aliingia. Nilipoangalia, sufuria ilikuwa tupu. Niliikwangua kwa kijiko nisiamini.

Akaniuliza kama nimelipata lile neno, la mtu anayekula peke yake. Nikasema bado. Akasema basi liache, halina haraka.

Alipoondoka akaichukua triko chini ya kwapa. Ataifumua yote na kunifumia nyingine, sufu haitatosha lakini ataongeza rangi yake. Nije barazani kesho nipimwe upya, naye atapima mwenyewe. "Kesho ukuye umeshakula. Na upumue, Papa Émile. Pumua tu kama muntu."

Nimekaa kando ya babula nikifikiri. Kiti cha pili bado kina joto, nimekigusa. Béata! Nilikuwa wapi siku zote hizi? Anavuta vizuri, anakula vizuri, na maswali yake si mabaya mtu akiyazoea.

Sasa nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Euphrasie aliuachia uzi. Triko ilibaki na nafasi, ndiyo maana moyo wake ukapenya ukaenda kwa Patient. Safari hii sikosei. Klabu ninayo. Msemaji pia nimeshampata: Patient. Nimemtuma Christian akamwulize. Amekubali, anasema atasimulia habari ya ng'ombe.

Kesho sili kitu. Tangu alipoondoka najizoeza mbele ya kioo, tumbo ndani, mdomo umefungwa. Nimeshafika mahali pazuri. Eti nipumue! Anafikiri sijui mambo ya wanawake.